Mlango wa Nyumba ya Udongo

Habari ya kifo chake ilinikuta zizini asubuhi, nikimkagua mtamba mmoja aliyekuwa akichechemea. Aliyeniletea ni mtu mzima mwenye mvi, ambaye hapa Tumati anajulikana kwa wingi wa maneno; katika mkutano wa kijiji mwenyekiti humpa nafasi ya mwisho ili wengine nao wapate kusema. Siku hiyo alisimama nje ya boma, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, kisha akanyamaza. Nikajua kuna jambo. Nikamwuliza kama kuna ng'ombe wake aliyekufa. Akasema, "Hapana, baba. Ni Bibi Maendeleo. Amefariki kule Katesh, na wamekwisha kumzika." Marehemu alikuwa Mwislamu, na kwa taratibu za dini yake alizikwa siku ileile, kabla habari haijapanda mlima kutufikia huku. Sikuwahi kusimama kaburini wala kutupa udongo wangu, kama mtu anavyopaswa kumfanyia aliyeishi naye. Kwa hiyo nimemwita mjukuu wangu, ambaye ndiye huniandikia safu hii kwa kuwa mimi sikukanyaga shule, nikamwambia aache kazi nyingine, aketi, aandike. Wasomaji wanaonifahamu wanajua kwamba simsifu mtu kwa sababu tu amekufa. Huyu nitamsema kama alivyokuwa.

Alikuja kwetu katika siku za mwanzo za vijiji vya ujamaa, tulipokuwa bado tunajifunza kuishi nyumba kwa nyumba kwenye mstari. Alitoka milima ya Uluguru, kule Morogoro, na alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, akisema kwamba kwao kuna baridi lakini si baridi ya kuuma masikio. Bibi Maendeleo ndilo jina walilopewa akina mama wote waliotumwa na serikali kufundisha usafi, lishe na malezi, hata kama umri wao ulikuwa wa binti. Kazi yake ilikuwa kuwatunza watoto wadogo wakati mama zao wakiwa katika shamba la kijiji. Alipewa banda lililoegemea ghala la mahindi, sufuria ya uji na mkeka mmoja. Tulitazamia kwamba angewafundisha watoto kuhesabu, kunawa na kuimba, na kweli aliyafanya hayo. Lakini uji ulipokwisha kunywewa, aliwatuma wakubwa kati yao kijitoni kuleta udongo wa mfinyanzi, vijiti na matunda ya ndulele, akawaacha wafanye watakavyo, naye akaketi chini katikati yao, akitazama.

Kila aliyekulia huku anajua kwamba tunda la ndulele ndilo ng'ombe wa kwanza wa mtoto. Lile la manjano ni ng'ombe mwekundu, lile la kijani ni ndama, na lililokauka ni kikongwe anayesubiri kuchinjwa. Mtoto hujenga zizi la mawe madogo, akawaingiza, akawatoa kwenda malishoni, akagombana na jirani juu ya mpaka. Sote tulipitia huko, na sote tulipokua tulikusahau. Na nyakati zile tulikuwa na sababu ya kusahau. Tangu uhuru, neno lililokuwa likisikika kila mahali lilikuwa ni kazi. Tulilima kwa pamoja, tulichimba mtaro kwa pamoja, tulifyatua matofali ya shule kwa pamoja, na mtu aliyeonekana ameketi mchana aliulizwa kama anaumwa. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, na kuuliza swali hilo ilikuwa sehemu ya kazi yangu.

Siku moja nilipita ghalani nikamkuta mtumishi yule wa serikali amepiga magoti na kuweka mikono chini, kamba ya mgomba shingoni, akivutwa na msichana mdogo kuelekea kwenye zizi la kokoto. Nikasimama. Wanawake wawili waliokuwa wakipembua mahindi karibu na pale wakajifunika midomo kwa khanga. Nikamwuliza, "Mama, umeletwa huku kuwa Bibi Maendeleo au kuwa ng'ombe?" Hakuinuka. Aliinua uso tu, akasema, "Leo mimi ni ndama, baba. Shikamoo." Sikuwa nimewahi kuamkiwa na ndama. Nikamwitikia, kwa kuwa shikamoo haikataliwi, nikaenda zangu, na nyuma yangu nikasikia mmoja wa wale wanawake akisema, "Kama serikali inalipa mshahara kwa kulia kama ndama, basi mimi waniandikie kubweka." Jambo hilo lilizunguka kijijini, nami sikulizuia.

Sasa nieleze juu ya nyumba, kwa sababu msomaji wa leo aliyezaliwa chini ya bati hataelewa yanayofuata. Wazee wetu hawakusimamisha nyumba juu ya ardhi kama leo. Walichimba ubavu wa mlima, wakaiingiza nyumba humo ndani, wakapanga fito juu, wakaweka majani juu ya fito na udongo juu ya majani. Kutoka upande wa juu usingeijua. Mbuzi walipita juu ya paa wakila nyasi, na moshi ulitoka ardhini. Mbele kulikuwa na mlango mmoja wa chini, ambao hata mgeni wa heshima aliupita akiwa ameinama. Wakati wa kuhamia vijijini nyumba za namna hiyo zilikuwa zimebaki chache, na moja ilikuwa ya kikongwe mmoja, mjane, aliyeishi humo na mjukuu wake mdogo. Mtoto huyo alikuwa bado hajafikia umri wa shule, na alikuwa mikono na macho ya bibi yake: alimletea maji, alimwashia moto, alilala naye upande mmoja wa ngozi. Baba yake mtoto, mtoto wa kikongwe huyo, alipopewa kiwanja katika mstari wetu alihitaji miti ya kujengea, na miti haikuwa mingi. Akang'oa fito za paa la mama yake, akazipakia pamoja na mama, jiwe la kusagia na mtoto, wakaja.

Kikongwe hakumaliza msimu wa mvua. Alifariki mchana akiwa ameketi juani, mtoto akiwa kando yake. Kwa kuwa alikuwa amesema azikwe kwake, wanaume walimrudisha kwenye boma lake la zamani wakamzika huko. Watoto hawakupelekwa, desturi haikuruhusu. Mtoto alipouliza, aliambiwa na mmoja wa mashangazi zake kwamba bibi amerudi nyumbani kwake. Baada ya hapo familia ile ilikaa kando, kama tulivyofanya kwa kila nyumba iliyofiwa: hawakuchota maji pamoja na wengine, hawakuchanganya mifugo, watoto wao hawakucheza na wa jirani, mpaka muda wa msiba ulipokwisha, nao wakasafishwa kimila. Katika milima yetu ya zamani, ambapo jirani yupo ng'ambo ya bonde, kukaa kando hakukuwa kugumu. Katika mstari wa ujamaa, ambapo jirani anasikia ukikohoa, kulikuwa ni kuketi kimya mbele ya watu wanaocheka. Walikaa hivyo hadi muda ukatimia. Wakafunguliwa, wakasalimiwa, wakarudi kisimani. Wote wakarudi kusema na watu, isipokuwa mtoto. Yeye hakusema tena.

Baba yake alimbembeleza, kisha akamtisha, kisha akamchapa, kama ilivyokuwa kawaida yetu. Wapo waliosema ni mkaidi na wapo waliosema amefungwa ulimi na mtu. Bibi Maendeleo, mama mtoto alipomleta bandani ili aende shambani na wenzake, alimpeleka kwanza zahanati atazamwe masikio na koo. Wakaona hana tatizo. Ndipo akamketisha na wengine, akampa udongo, asimwulize kitu. Hata lugha yetu alikuwa anaijua kwa maneno ya salamu tu, kwa hiyo hakuwa na maswali mengi ya kumchosha nayo.

Baadaye kidogo walinijia watu watatu nyumbani. Walikuwa baba wa mtoto, jirani yake mwanamke mtu mzima, na mjomba wa mtoto, mfugaji kutoka Getanuwas, aliyepanda na fimbo yake na shuka lake jekundu. Nyuma yao alikuja mama mtoto, ameshika kibuyu kitupu, akaketi kando.

Baba mtoto akasema, "Balozi, yule mama anamfundisha mwanangu kuzika."

"Kumzika nani?"

"Sijui. Wenzake wanachunga, wanapika, wanajenga. Wangu kila siku anachimba shimo, anatia tunda la ndulele, anafunika kwa udongo. Kila siku anazika."

Jirani akadakia. "Na sisi tumeona. Nyumba yao imetoka msibani juzi tu. Mtoto anaita kifo kingine, na kikija hakitauliza namba ya nyumba. Ama mtoto aondoke, ama nyumba yote irudi kukaa kando."

Kukaa kando wakati huo, mbegu zikiwa zinasubiri kutiwa ardhini, kulikuwa ni kukosa chakula cha mwaka. Baba mtoto alikwisha kuamua. Mjomba alikuwa ameitwa kumchukua mtoto ashuke naye tambarare akachunge, na shule ambayo ilikuwa ikiandikisha watoto wa rika lake angeisikia kwa mbali tu.

"Nipeni mimi," akasema mjomba, ameegemea fimbo. "Ng'ombe wangu hawaulizi mtu habari za asubuhi. Atakaa nao vizuri."

Nikamgeukia mama mtoto, ambaye hakuwa ameombwa maoni na mtu yeyote. Akasema bila kuinua macho, "Akishuka kule hajasema, hatasema tena."

Nikawaambia kwamba sijawahi kumhukumu ng'ombe ambaye sijamwona. Tukaenda wote ghalani.

Bibi Maendeleo alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, watoto wamemzunguka. Alipotuona alisimama, akajipangusa, akatuamkia mmoja mmoja, kila mtu kwa umri wake, hata yule mjomba aliyekuwa amemtazama kwa dharau. Nikamwuliza mbele ya wote, "Unamfundisha mtoto huyu kuzika?"

"Sijamfundisha kitu, baba. Nampa udongo tu."

"Na kwa nini humkatazi?"

"Kwa sababu mdomo umekwisha kufungwa. Nikimfunga na mikono, atabaki na nini?"

Baba mtoto akasema, "Mtoto husema kwa mdomo. Mikono ni ya kazi."

"Ni kweli, baba. Basi hii ndiyo kazi yake kwa sasa."

Nikamwuliza, "Wewe unaelewa anachofanya?"

"Sielewi," akajibu. Jibu hilo nililipenda, kwa sababu nilizoea watumishi waliotumwa kwetu wakiwa wanaelewa kila kitu. Akaendelea, "Nimeona mambo mawili tu. Tunda analotia ni lilelile, hakubali jingine. Jioni analitoa, analifuta, analifunga kwenye pindo la nguo yake. Na akiona wingu linapanda, anaharakisha kufunika. Anaharakisha sana. Sijui kwa nini."

Ilikuwa ni majira ya mvua kuanza, na wakati tukisema hayo wingu lilikuwa likija kutoka upande wa Hanang. Watoto wengine walikwisha kukimbilia chini ya banda. Yeye alibaki. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kichuguu cha udongo alichokikusanya mwenyewe, akifanya kazi kwa haraka, midomo imebanwa. Jirani akasema, "Mwoneni." Baba yake akageuza uso. Mimi magoti yangu wakati huo yalikuwa mazima, nikachuchumaa.

Ukiwa umesimama uliona shimo, tunda na udongo. Ukichuchumaa uliona jambo jingine. Shimo halikuwa limechimbwa kwenda chini. Lilikuwa limechimbwa kuingia ubavuni mwa kile kichuguu. Juu yake alikuwa amepanga vijiti, kimoja kando ya kingine, juu ya vijiti akaweka nyasi, na sasa alikuwa akitandaza udongo juu ya nyasi, akiukandamiza kwa kiganja.

Nikamwambia baba yake, "Njoo uchuchumae hapa."

"Naona, balozi."

"Huoni. Kaburi gani lina fito?"

Akaja, akachuchumaa. Nikamwuliza mtoto kwa lugha yetu, kwa sauti ambayo ningemwulizia mtu mzima, "Mlango uko wapi?" Akanitazama. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. Akaondoa kijiwe kimoja kilichokuwa upande wa mbele, na humo ndani, juu ya jani, lilikuwa lile tunda. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka. Mtoto akarudisha kijiwe, akakunja viganja juu ya paa, akasema neno.

Bibi Maendeleo akauliza, "Amesema nini?"

Akauliza tena, akinigeukia mimi, "Amesema nini, baba?" Ni baba mtoto aliyejibu, kwa Kiswahili, akiwa hajainua macho kutoka kwenye ile nyumba. "Amesema ananyeshewa."

"Nani?"

"Mama yangu." Akaongeza, "Siku nilipong'oa fito alisema, mvua ikija itakuta nyumba uchi. Mtoto alikuwa amesimama palepale."

Mtoto aliambiwa kwamba bibi yake amerudi nyumbani, na nyumba hiyo yeye aliiona kwa macho yake ikiondolewa paa. Hakuwa akimzika mtu. Kila siku alikuwa akiezeka.

Mtu yule, mwenye mke na ng'ombe na jina kijijini, akaingiza mikono miwili katika udongo wa watoto, akaanza kumsaidia. Mvua ilikuwa imeanza kutulowesha mabega. Jirani alikwenda zake bila kuaga. Mjomba wa Getanuwas alisimama juu yao muda, kisha akanyoosha fimbo, akasema, "Upande huo fito ni nyembamba. Wekeni nyingine."

Shemeji yake akamjibu bila kumtazama, "Ninyi watu wa tambarare mnajua nini habari za paa la udongo? Leta kijiti, acha maneno." Akaleta kijiti.

Bibi Maendeleo hakushangilia wala kumkumbatia mtoto. Alimwacha amalize. Baadaye ndipo alipomwambia baba kwamba mtoto anahitaji kuambiwa ukweli na kuonyeshwa, na kwamba akiogopa desturi aje azungumze nasi wazee. Tulizungumza. Tukaona kwamba desturi ilikataza mtoto kuona maziko, lakini haikumkataza kuona kaburi. Baba akamchukua mwanawe, wakapanda wawili tu hadi boma la zamani. Akamwonyesha mahali, na mawe yaliyopangwa vizuri juu yake, akamwambia, "Hapa hanyeshewi." Mjomba alirudi Getanuwas peke yake. Mwaka ule mtoto aliandikishwa shule pamoja na rika lake.

Asifikiri mtu kwamba kesho yake alianza kuongea kama redio. Alisema neno moja, kisha siku nzima asiseme, kisha mawili. Majirani wakawa wanafika na visingizio, mmoja kuomba moto, mwingine chumvi, ili wamsikie. Bibi Maendeleo alikuwa amemwonya mama mtoto kwamba asimwite mbele ya wageni aseme, na mama yule, ambaye siku zote alikuwa mpole, aliwatoa kwa ufagio. Bandani nako mtoto aliendelea kujenga. Nyumba ikapata zizi, zizi likapata ng'ombe, na siku moja lile tunda lililonyauka likatoka nje likaketi juani pamoja na mengine. Baadaye akaliacha kijitoni.

Mjukuu wangu anasimamisha kalamu na kuniambia kwamba mambo haya siku hizi yana jina. Yanaitwa tiba kwa michezo, na wapo watu wanaosomea kazi hiyo na kuifanya hospitalini. Nafurahi kusikia. Mimi sikuyasoma, nitasema niliyoyaona tu, na mzazi achukue linalomfaa. Niliona kwamba mchezo ule haukuwa fujo. Banda lilikuwa na sheria, na mtoto aliyempiga mwenzake kwa bonge la udongo aliondolewa na kuketishwa kando mpaka alipotulia. Na jioni kila mtu alinawa na kurudisha vijiti mahali pake. Lakini ndani ya sheria hizo mtoto alikuwa bwana wa udongo wake. Hakuambiwa ajenge nini, hakusifiwa ili aongeze, wala hakuhojiwa. Niliona kwamba mahali palikuwa palepale na mtu alikuwa yuleyule, siku baada ya siku, wala hakuwa na haraka ya kuona matunda. Niliona kwamba vifaa havikununuliwa dukani. Na niliona kwamba yeye mwenyewe hakuutegemea udongo peke yake. Alianzia zahanati, akamalizia kwa wazazi, kwa sababu udongo ulionyesha palipouma, na ukweli kuhusu kaburi usingeweza kusemwa na mtu mwingine zaidi ya baba. Mzazi ambaye mtoto wake ameacha kusema, kula au kulala, au anajiumiza, asikae nyumbani akingoja mchezo umponye. Ampeleke kwa wataalamu, na akiambiwa kwamba dawa ni kucheza, asiwacheke kama sisi tulivyomcheka ndama.

Naongeza jambo moja la kwangu, na atakayekasirika akasirike. Wakati ule tulikuwa na mtoto aliyenyamaza, na kijiji kizima kilihangaika ili aseme. Leo naona watoto wanaosema, na wazazi wanawapa simu ili wanyamaze. Mtoto huketi kimya na kile kioo tangu chai hadi ugali, na mama hujisifu kwamba ana mtoto mtulivu. Mimi bado naamini kazi. Mtoto wa miaka saba asiyejua kufunga ndama anaaibisha ukoo. Lakini kazi ya mtoto mdogo ni kuijenga dunia yake kwa mikono ili aielewe, na tangu siku ile ya ghalani sijamwuliza mtoto anayekanda udongo kama anaumwa. Tulihamishwa sote, watu wazima tukapewa mikutano ya kusema yaliyotupata. Watoto hawakuitwa mkutanoni. Mtu mmoja tu, mgeni, ndiye aliyewafungulia baraza lao pembeni mwa ghala.

Baadaye alihamishiwa Hanang, akafanya kazi huko mpaka akastaafu, na hakurudi Morogoro. Alisema masikio yake yamekwisha kuzoea baridi. Nilikutana naye mara ya mwisho kwenye mnada wa Bashay, amejifunika kitenge, anabishana na muuza maharage. Nikamwambia, "Yule mtoto wako ametuharibia mikutano. Hanyamazi, hata mwenyekiti sasa humpa nafasi ya mwisho." Akacheka mpaka akashika meza ya muuza maharage. Akasema, "Hilo si langu, baba. Mimi nilimpa udongo tu. Aliyeuliza mlango ni wewe." Nikamjibu kwamba nisingeuliza kama yeye asingekuwa ameyaona mawingu. Tukaachana hapo, kila mmoja akiwa na mzigo wake.

Juzi, mjumbe yule wa habari za msiba alipokwisha kuondoka, niligeuka kurudi kwa mtamba wangu nikakuta njia ya zizini imefungwa. Kitukuu wangu wa kike alikuwa amejenga boma lake katikati ya njia, mawe mduara mzima, ndulele ndani, na vijiti vya sijui nini. Mguu ulikwisha kuinuka ili uvuke. Nikaurudisha. Kwa umri wangu kuchuchumaa ni safari, lakini niliisafiri, nikishika fimbo. Nikamwuliza, "Mlango uko wapi?" Akanionyesha pengo dogo upande wa mashariki, akasema ng'ombe wamelala, nipite polepole. Nikainuka, nikazunguka hadi pale, nikapita mlangoni.